Kwilti ya kikundi kwa viraka vya kitenge na khanga: kila mtu anashona kwake, halafu mnakutana kuunganisha

Wapo wanawake wengi tu mtaani wanashona kwa mkono vizuri kabisa ila kila mtu kajifungia na kikapu chake, anamaliza kazi, anapiga picha anawatumia wenzake, wanamwandikia "mashallah umetisha" basi stori imeishia hapo. Hakuna aliyejifunza kitu. Mimi naona kama mnataka kweli kushirikiana kwenye ushonaji basi gawaneni kazi yenyewe, sindano na uzi, kila mtu atoe kipande chake kwenye kitu kimoja kikubwa, na kitu kinachofaa kwa hilo kuliko vyote ni kwilti, yaani lile blanketi la viraka. Mwongozo huu ni mrefu kidogo, chai pembeni.

Namna nitakayoelezea msingi wake umetoka kwa Wasiddi wa India. Hawa ni watu wenye asili ya Afrika, wapo Gujarat na pia jimbo la Karnataka, na wengi wa hawa wa Karnataka inasemekana mababu zao waliletwa na Wareno kupitia Goa kama watumwa, wengine wakatorokea misituni wakabaki huko. Wanawake wao wanashona kwilti inayoitwa kawandi, viraka vya nguo zilizochakaa juu ya sari kuukuu, kwa mkono mwanzo mwisho. Wao hawaanzi katikati kama baadhi ya kwilti za Kimarekani, wanaanzia ukingoni wanazunguka kuingia ndani. Maana yake ukingo unakuwa umeshamalizika tangu raundi ya kwanza, hakuna kuja kuhangaika na pindo mwishoni. Na hapo ndipo nilipoona hii inatufaa sisi wa vikundi, kwa sababu kila mtu akishona mraba wake mdogo wa kawandi unakuja ukiwa umekamilika pande zote nne, kazi ya siku ya kukutana inabaki kuunganisha tu. Wasiddi wao kwa kawaida wanashona kwilti nzima moja, hii ya miraba midogo ni sisi tumeipindisha ikae na maisha yetu.

Kabla hamjagusa mkasi

Kaeni mkubaliane mambo, na yaandikwe. La kwanza kabisa ni kwilti ni ya nani. Ya mwenzenu aliyejifungua? Ya harusi? Ya kuuza hela iingie kwenye kikundi? Msipolimaliza hili mapema mtagombana siku ikikamilika ikiwa imependeza, maana kila mtu ataiona ni yake.

La pili kipimo. Mimi napendekeza mraba wa sentimita 40 kwa 40 ukishamalizika. Mkiwa 12 mnapata 3 kwa 4, yaani sentimita 120 kwa 160, hiyo ya mtoto au ya kujifunika kwenye kochi. Vipande 20 ni sentimita 160 kwa 200, inafunika juu ya kitanda cha futi 5 kwa 6 bila kuning'inia sana. Mkitaka ishuke pembeni vizuri, au kitanda ni 6 kwa 6, basi vipande 30, 5 kwa 6, inakuja sentimita 200 kwa 240. Kikundi cha watu 10 kila mtu akishona vitatu mmemaliza.

Kipimo kimoja kwa wote ndicho kinachofanya kazi ya watu wengi iunganike, na wala sio jambo dogo. Ile kwilti kubwa ya kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI kule Marekani, iliyoanza mwaka 1987 San Francisco, watu wasiojuana kabisa walituma vipande kutoka kila kona na vikaungana kwa sababu tu kila kipande ni futi 3 kwa 6, vinane vinakaa pamoja vinatoa mraba wa futi 12. Rangi kila mtu alijifanyia anavyotaka, kipimo hapana.

Sasa tatizo ni futi kamba zetu hizi. Za bei rahisi zinavutika, yako na ya mwenzio zinaweza kupishana nusu sentimita na zaidi, na kwenye vipande 20 hiyo inajumlika. Kwa hiyo mtu mmoja akate karatasi ngumu ya boksi mbili, moja sentimita 44 (hii ya kukatia bitana) na moja sentimita 40 (ya kukagulia), kila mtu anakili kutoka hizo hizo. Wa mbali asiyeweza kuja kuchukua acheki futi yake kwa karatasi ya A4 ya stationari: upande mrefu lazima usome sentimita 29.7 na mfupi 21. Ikisoma tofauti, atupe atafute nyingine.

Rangi sasa. Msijaribu kufananisha kila kitu, haitawezekana na haitapendeza. Kubalianeni kitu kimoja tu, mfano kila kipande kiwe na nyekundu mahali, au raundi ya nje iwe ya rangi iliyokolea kwa wote. Inatosha.

Vitu vya kuwa navyo

Viraka havinunuliwi. Nenda kwa fundi cherehani, ana salfeti zima la mabaki ya vitenge chini ya meza anatafuta pa kulitupa, mpe hata soda. Chagua za pamba. Kama hujui ni pamba au poliesta, chomoa nyuzi mbili tatu uzichome kwa kiberiti: pamba inawaka inanuka kama karatasi na inaacha majivu laini, poliesta inayeyuka inaacha kidonge kigumu. Kuchanganya sio dhambi ila poliesta inateleza na ukiipiga pasi ya moto uliozoea kwenye pamba imekwisha.

Khanga kuukuu ndio tamu kuliko vyote, imeshalainika, sindano inapita yenyewe. Khanga mpya ina ule ugumu wa wanga, ifue kwanza. Kwa kweli fua kila kitu kwanza, cha zamani na kipya, maana kitakachorudi kirudi sasa sio kikiwa kimeshashonwa na vyenzake. Na kile kitenge chekundu au cha bluu iliyokolea, kilowanishe ukisugue na kitambaa cheupe, kikitoa rangi kifue tena mpaka kiache, kikigoma kiache nje ya kazi. Kimoja tu kinachochuja kitapaka vipande vya watu 20.

Kuhusu majina ya khanga, hapa niseme kidogo. Kiraka chenye maandishi kinapendeza, watu wanakitafuta kwenye kwilti kusoma. Ila soma kabla hujashona! Kwilti ya harusi halafu katikati imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, bibi harusi atajiuliza hiyo imetoka kwa nani. Na ukikata maneno nusu nusu angalia yakikaa pamoja yanasema nini.

Bitana: shuka kuukuu la pamba au kitambaa cha marekani. Shuka lenye sentimita 180 kwa 220 linakupa vipande 20 vya sentimita 44, yaani vinne kwa vitano, la mitumba linafaa sana. Epuka shuka zile zilizofumwa kwa kubana sana zinazong'aa, sindano inalia kila ukitoboa.

Sindano fupi nyembamba, sio ile ya kushonea magunia. Uzi wa kawaida wa cherehani ushone mbili, au uzi wa kudarizi ugawe nyuzi tatu kati ya sita. Kata urefu wa kutoka ncha ya vidole mpaka kiwiko, ukizidisha hapo unajifunga mafundo na unachakaa njiani, na upitishe kwenye nta ya nyuki au mshumaa hautajisokota. Kastabani ya kidole cha kati, usinidharau hapa, mizunguko ya mwisho unatoboa tabaka nne tano. Pini, mkasi, pasi, chaki ya fundi. Fremu haihitajiki.

Pamba ya kujazia katikati pia haihitajiki. Kwa Dar na pwani yote tabaka mbili zinatosha. Kama mnapeleka Njombe au Lushoto basi wekeni katikati blanketi jepesi la mitumba au khanga nyingine, lakini wote muweke au wote msiweke, vinginevyo kwilti itakuwa na mabonde.

Kushona kipande chako

Tandaza bitana ya sentimita 44, upande mbaya ukutazame. Kunja ndani sentimita 2 kila upande, piga pasi ikae, weka ile boksi ya 40 juu uhakikishe. Kama una kitu cha katikati kikate sentimita 39 ukiingize chini ya mikunjo hiyo. Piga bandi refu refu kushikiza, utalitoa baadaye.

Viraka vya raundi ya kwanza vikate upana wa kama sentimita 10 hadi 12, urefu wowote. Usipime sana, hii kazi haitaki kiraka kilingane na kiraka. Chukua cha kwanza, kunja kingo zake mbili, ule wa nje na ule wa pembeni, kiweke kona ya chini kulia ili mikunjo ikae juu kabisa ya ukingo wa bitana, labda nywele moja ndani ili bitana isifichike wala kiraka kisitokeze. Anza kushona mshono wa kawaida wa kuzama na kuibuka, milimita 3 au 4 kutoka ukingoni, kutoka kulia kwenda kushoto. (Wa mkono wa kushoto geuzeni yote.) Fundo lifiche kati ya kiraka na bitana.

Ukibakiza kama vidole viwili kufika mwisho wa kiraka, simama. Leta kiraka cha pili, kunja ukingo wake wa nje na ule unaopakana na mwenzake, kilalie cha kwanza sentimita 2 hivi, endelea kushona ukipita juu ya vyote. Hivyo hivyo mpaka kona. Ukifika kona usikate uzi, zungusha kitambaa na uendelee. Ukirudi ulipoanzia usifunge, ingia ndani sentimita 1 na uanze mzunguko wa pili sambamba na ule wa kwanza, na hapo ndipo mshono unaanza kuwa pambo lenyewe, ile mistari mistari inayozunguka kama mawimbi. Pale viraka vinapolaliana, hakikisha mshono unaushika ule mkunjo wa pembeni, ukibaki mdomo wazi ushone pale pale kabla hujasahau.

Mizunguko ikikaribia ukingo mbichi wa ndani wa viraka, bakiza sentimita 2 hivi, ingiza raundi mpya ya viraka: ukingo uliokunjwa ufunike ule mbichi, endelea. Katikati kabisa litabaki tundu la mraba, kiraka cha mwisho kinakunjwa pande zote nne kinaziba. Weka hapo kitambaa unachokipenda, macho yanakwenda hapo.

Mishono mitatu mpaka minne kwa inchi inatosha kabisa, jamani. Kuna watu wanakimbia kazi hii kwa kudhani lazima mishono iwe kama ya mashine. Ishike, iwe na nafasi zinazofanana fanana, imeisha. Kitu cha kuogopa ni kuvuta uzi. Ukivuta kipande kinajikunyata, unamaliza unakuta sentimita 37. Kila baada ya mzunguko nyosha mshono kwa kidole gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho, uzi ujilegeze. Kupungua kidogo hakuepukiki, 39 na nusu ni sawa, hata 39 tutaimudu.

Kwa anayetaka kujua ukubwa wa kazi, mraba wa 40 ukiacha sentimita moja kati ya mistari ni mita 16 na ushee za mshono, kwa hiyo uzi mbili ni kama mita 40 ukihesabu na unaopotea kwenye mafundo. Ukiacha sentimita moja na nusu mshono unashuka kwenye mita 11 na ushee. Wenye watoto wadogo wachague hiyo ya pili, nayo mkubaliane wote ili ifanane.

Kuonyeshana kazi njiani

Hapa ndipo kikundi kinakuwa kikundi. Onyesha kipande kikiwa nusu. Kikishaisha ushauri hauna kazi tena, nani atafumua? Panga siku moja kwa wiki kila mtu aonyeshe alipofika, ana kwa ana au kwa picha, na picha ziwe mbili, mbele na NYUMA. Nyuma ndiko kunakosema ukweli, bitana iliyokunjamana, uzi uliorukwa, fundo linaloning'inia. Piga picha mlangoni au dirishani asubuhi, taa ya ndani inaipa njano kila kitu na flashi inafuta mistari ya mshono, ambayo ndiyo tunaitaka kuiona. Laza kipande chini kwenye mkeka, usikishike hewani, weka futi kamba pembeni watu waone kipimo.

Na ukituma uliza swali lenye jibu. "Mnaionaje?" utajibiwa nzuri. Uliza "kona hii imevimba, nifumue au itakaa ikipigwa pasi?" utapata majibu ya maana mpaka utachoka. Anayejibu naye aseme kitu cha mkono: legeza uzi, ongeza mzunguko, hamisha hicho cha kijani. Ukiona kipande cha mwenzio ni kibaya mwambie yeye mwenyewe, pembeni, na ujitolee kukaa naye. Kuna tabia ya kiongozi wa kikundi kufumua kipande cha mtu usiku na kukishona upya ili kwilti isiharibike, mwenyewe anakuja kukuta sio mshono wake. Huyo hamtamwona tena, na ana haki.

Bibi au mama mkubwa anayejua kudarizi vitambaa vya makochi mwalikeni hata kama macho yamechoka. Sindano watoto watamtungia, na mkono wake bado unajua kuvuta uzi kiasi gani, kitu ambacho kwenye maandishi kama haya huwezi kukipata chote.

Kila kipande kibandikwe kwa pini karatasi yenye jina la mshonaji na nguo ilikotoka, mfano "gauni la mama, kitenge cha fundi". Wa mikoani wanaotuma kwa basi, kunja kwa kuviringisha, weka ndani ya mfuko wa nailoni kwanza ndio bahasha, mvua na samaki wa abiria mwingine havichagui mzigo.

Siku ya kuunganisha

Tafuteni sebule au baraza yenye nafasi, tandikeni mikeka, pangeni vipande vyote chini bila kushona chochote. Hamisheni hamisheni mpaka mchoke, halafu pandeni kwenye kiti mpige picha kutoka juu na muitazame kwenye simu, kwenye simu utaona haraka kama rangi nzito zimejazana upande mmoja. Mkikubaliana piga picha ya mwisho na kila kipande kipewe namba yake kwenye ile karatasi ya jina. Msiruke hili, watoto watapita na kuku atapita.

Pimeni vyote kwa boksi ya 40. Kilichopungua kikae pembeni ya kilichopungua. Kinachozidi kipigwe pasi ya mvuke kidogo, mara nyingi kinakaa.

Unganisha hivi: vipande viwili vitazamane, mbele kwa mbele, pini kona mbili za mwisho, kisha pini ya katikati, kisha za kati yake. Kama kimoja ni kifupi kwa nusu sentimita tofauti itagawanyika humo humo bila kuonekana. Shona kwa kuzungusha ukingoni, sindano inaingia nyuma inatokea mbele, kila milimita 3, ukishika mikunjo tu, uzi mbili uliopakwa nta. Kila baada ya kiganja piga mshono mmoja wa kurudia papo hapo, siku uzi ukikatika pafumuke kiganja na sio mstari wote. Ukifungua inalala bapa. Unganisha kwanza safu safu, yaani vipande vya safu moja pamoja, watu wawili kila safu, halafu safu kwa safu. Hapa kwenye safu kwa safu kaeni wanne mpaka sita, wawili wawili mkianzia katikati kuelekea nje, kona zinazokutana nne ziwekeeni pini kabla ya kitu kingine chochote kwa sababu ndizo zinazoonekana zikikosea.

Kisha maua. Wasiddi wanamalizia kona nne za kawandi kwa viraka vidogo vilivyokunjwa pembe tatu, vinaitwa phula, yaani maua, na wazee wao husema bila hayo kwilti iko uchi. Kata miraba ya sentimita 8, kunja mara mbili kwa mshazari ipate pembe tatu, panga mbili tatu za rangi tofauti zikitokezana, shikiza kwa nguvu kwenye zile kona nne za nje tu za kwilti nzima. Yule mwenye mikono mizuri zaidi apewe kazi hii, au yule ambaye hakuwahi kumaliza kipande chake, naye awe na mahali.

Majina mtayatoa kwenye zile karatasi mkayaandike kwa sindano nyuma, kila mtu lake kwenye kipande chake, herufi za kwanza tu zinatosha. Kwenye kona moja mwaka.

Kufua na kutengeneza

Maji baridi, sabuni kidogo, kwenye karai kubwa, ikanyagwe kwa miguu kama blanketi. Isikamuliwe kwa kusokota. Ianikwe kivulini imelazwa juu ya kamba mbili tatu uzito ugawanyike, maana ikilowa ni nzito na ikining'inia kamba moja mishono ya kuunganisha ndiyo inayobeba mzigo wote.

Kiraka kikichanika baada ya miaka usikifumue, kata kingine kikubwa kidogo, kunja kingo, kilaze juu na ufuatishe mistari ile ile ya mshono. Ndio maana wakati wa kukabidhi kwilti mpeni na kifuko chenye viraka vitano sita vilivyobaki na sindano yenye uzi wa rangi ile ile. Boksi za 44 na 40 zibaki kwa mtunza hazina.